Gari Linalokula Oili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Injini za Petroli Zilizozeeka

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wenye magari huuliza wanapofika gereji wakiwa na galoni ya oili kwenye buti na wasiwasi moyoni. Mifano mingi ni ya injini za Toyota zilizoletwa kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, kwa sababu ndizo zilizojaa katika barabara zetu, lakini kanuni ni zilezile kwa injini nyingine za petroli. Jambo moja litajirudia katika majibu mengi, nalo ni kwamba injini isifunguliwe kabla ya kupimwa. Wengi waliopoteza fedha kwa tatizo hili hawakuzipoteza kwa sababu ugonjwa ulikuwa mkubwa, bali kwa sababu walianza na tiba.

Je, ni kawaida injini kula oili?

Kiasi kidogo ni kawaida. Oili hulainisha ukuta wa silinda, na kila pistoni inaposhuka huacha utando mwembamba ambao sehemu yake huungua pamoja na petroli. Injini yenye afya hula kidogo kiasi kwamba mwenye gari hahitaji kuongeza kitu kati ya sevisi moja na nyingine. Tatizo huanza pale ambapo oili inapungua kwa kasi inayoweza kuifikisha injini chini ya alama ya mwisho kabla ya tarehe ya sevisi, na hapo ndipo swali la kwanza linapaswa kuwa: inapungua kiasi gani, katika kilomita ngapi?

Nitapimaje kiasi hicho mwenyewe?

Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote cha bei kubwa, nacho kina thamani kuliko maoni ya mafundi kumi. Egesha gari mahali palipo sawa kabisa, injini ikiwa imepata joto la kazi, uizime na kusubiri dakika kumi ili oili iliyoko juu ishuke kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililoko chini ya injini. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, kirudishe hadi mwisho, kisha kichomoe tena na kusoma. Ongeza oili kidogo kidogo hadi ifike alama ya juu bila kuipita. Andika kwenye daftari tarehe na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi.

Baada ya hapo endesha kama kawaida, ukikagua kila unapojaza petroli. Ukifika kilomita 1,000, egesha mahali palepale, katika hali ileile, na urudishe oili kwenye alama ya juu kwa kutumia chupa unayojua ujazo wake. Chupa tupu na kavu ya maji ya nusu lita inatosha. Kiasi ulichoongeza ndicho injini ilichotumia. Rudia angalau mara mbili, kwa sababu safari ya mwendo wa kasi kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, ambayo ni zaidi ya kilomita 800, na mizunguko ya mjini yenye foleni haviwezi kutoa jibu moja.

Kiasi gani kinahesabiwa kuwa kimezidi?

Watengenezaji hawakubaliani. Vitabu vya baadhi ya magari huruhusu hadi lita 1 kwa kila kilomita 1,000, kiasi ambacho kwa maoni yangu kinamlinda mtengenezaji kuliko mnunuzi. Toyota ilipoandaa nchini Marekani mpango wa kurekebisha injini za 2AZ-FE zilizokuwa zikila oili, zikiwemo za Camry za miaka ya 2007 hadi 2009, kipimo kilichotumika kuamua kwamba injini ina kasoro kilikuwa takriban lita 0.95 kwa maili 1,200, yaani karibu nusu lita kwa kilomita 1,000. Mimi nashauri kipimo hicho cha pili. Chini ya robo lita kwa kilomita 1,000, endelea kukagua na kuongeza. Kati ya robo na nusu, anza kutafuta chanzo. Zaidi ya nusu lita, usichelewe.

Hesabu ndogo itaonyesha sababu. Injini ya Toyota ya 1ZZ-FE hubeba takriban lita 3.7 za oili pamoja na filta. Ikila lita 0.7 kwa kila kilomita 1,000, mwenye gari anayesubiri sevisi ya kilomita 5,000 bila kukagua atakuwa amepoteza lita 3.5, na kwa kweli injini itakuwa imenoki kabla hajafika huko.

Taa ya oili haijawahi kuwaka. Si ina maana kwamba oili inatosha?

Hapana, na kutoelewa jambo hili kumeua injini nyingi. Ile taa nyekundu yenye umbo la birika haipimi wingi wa oili, inapima mgandamizo. Itawaka pale pampu inapovuta hewa badala ya oili, na wakati huo beringi za krenkishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, zinakuwa zimeanza kusagana zikiwa kavu. Dalili ya mapema ni taa kumulika kwa sekunde moja gari linapokata kona kali au linapofunga breki ghafla. Ukiiona hata mara moja, zima injini na upime oili hapohapo.

Kabla ya kulaumu pistoni, nikague nini?

Anza na uvujaji, kwa sababu oili inayopungua si lazima iwe inaungua. Osha injini, kausha, endesha siku mbili, kisha ukague kwa tochi gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), sili ya mbele na ya nyuma ya krenkishafti, swichi ya mgandamizo wa oili, bolti ya sampu na mahali filta inapokaa. Sili ya nyuma ya krenkishafti hudanganya, kwani oili yake hudondoka kati ya injini na gia boksi na watu hudhani ni ya gia boksi. Gari likivuja tu wakati linatembea, sakafu ya maegesho itabaki safi, kwa hiyo usiitumie kama ushahidi.

Kisha fungua plagi. Oili ikiwa imelowanisha sehemu ya juu ya plagi na ndani ya koili, chanzo ni sili za mirija ya plagi zilizoko kwenye tapeti kava. Hiyo ni kazi ya saa chache na haina uhusiano wowote na pistoni. Ikiwa sehemu ya juu ni kavu lakini ncha inayotoa cheche ina ukoko mweusi wenye unyevu au majivu meupe yaliyoganda, hapo oili inaingia ndani ya silinda na kuungua. Panga plagi zote nne mezani kwa mpangilio wa silinda zake. Ukiona tatu safi na moja chafu, umekwisha kupunguza eneo la kutafuta kwa robo tatu.

Kitu cha tatu ni valvu ya PCV, kile kifaa kidogo kinachoruhusu injini kupumua kwa kuvuta mivuke ya sampu na kuirudisha kwenye njia ya hewa. Ikiziba, mgandamizo ndani ya injini hupanda na kusukuma oili kupitia kila sili na pembeni mwa ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni. Ikikwama ikiwa wazi, injini hunyonya ukungu wa oili moja kwa moja. Ichomoe na uitikise: ikiwa nzima, utasikia kitu kikigonga ndani. Ni spea ya bei ndogo, na kwa injini iliyopita kilomita 150,000 mimi huibadilisha bila kubishana na mtu. Angalia pia bomba la hewa linalotoka kwenye kisanduku cha filta hadi kwenye mlango wa hewa, ule unaofunguliwa na pedali ya mafuta. Likiwa limelowa oili, kazi ya kupumua haiendi sawa.

Moshi wa bluu unanieleza nini?

Rangi inaeleza kinachoungua: bluu ni oili, mweusi ni petroli iliyozidi, na mweupe mzito usiokata hata injini ikipata moto ni maji ya rediyeta. Lakini wakati moshi unapotokea una maelezo mengi zaidi kuliko rangi yake.

Moshi unaotoka asubuhi gari linapowashwa na kukata baada ya dakika moja huashiria sili za valvu. Usiku kucha oili imekuwa ikichuruzika kwenye shina la valvu hadi juu ya pistoni, na injini ikiwaka inaunguza ile iliyokusanyika. Moshi unaoendelea kadiri unavyokanyaga mafuta, hasa unapopanda mlima ukiwa na mzigo, huashiria ringi au ukuta wa silinda.

Kipimo ninachokipenda ni mteremko mrefu. Mtu anayetoka Iringa kuelekea Morogoro hushuka Kitonga kwa gia, mguu ukiwa nje ya pedali. Mlango wa hewa ukiwa umefungwa huku injini ikizunguka kwa kasi, mvuto mkubwa hujengeka ndani ya silinda na kwenye njia ya hewa, na oili yoyote inayoweza kupita pembeni mwa sili zilizokakamaa au ringi ya oili iliyoganda hunyonywa. Akifika chini na kukanyaga mafuta, wingu moja la bluu hutoka nyuma. Abiria wa nyuma ashike kioo au dereva wa gari linalofuata aangalie. Wingu likiwa kubwa na kukata mara moja, nashuku sili kwanza, na likiendelea kwa kilomita nzima, nashuku ringi.

Zingatia kwamba kutoona moshi hakumaanishi kwamba oili haiungui. Nusu lita iliyosambazwa katika kilomita 1,000 ni kiasi kidogo mno kwa kila dakika, na katalaiza (kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi) iliyo nzima huunguza sehemu kubwa yake kabla haijafika nje. Nimeona magari yaliyokula lita nzima bila mtu yeyote kuona moshi.

Fundi amepima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, na kusema injini ni nzima. Mbona bado inakula oili?

Swali hili ndilo linaloleta ugomvi mkubwa kuliko yote, na jibu lake liko katika umbo la pistoni yenyewe. Pistoni ya petroli ina mifereji mitatu ya ringi. Ringi ya kwanza na ya pili ndizo zinazozuia mgandamizo usishuke. Ya tatu ni ringi ya oili, ambayo katika injini nyingi za kisasa ina vipande vitatu: vyuma viwili vyembamba kama wembe na springi ya mawimbi kati yao. Kazi yake ni kukwangua oili kutoka kwenye ukuta na kuirudisha kwenye sampu kupitia matundu madogo yaliyoko nyuma yake ndani ya mfereji. Matundu hayo yakizibwa na kaboni, au springi ikiganda, oili haina pa kwenda isipokuwa juu, wakati ringi mbili za kwanza zinaendelea kufanya kazi yake vizuri kabisa. Geji ya kompresheni itasoma vizuri, nguvu ya gari haitapungua, na oili itaendelea kupotea.

Hivyo kompresheni nzuri haiiondolei ringi ya oili lawama. Inathibitisha tu kwamba ringi mbili za juu na valvu zinaziba. Kipimo kikifanyika, kifanyike kwa utaratibu: injini ikiwa ya moto, plagi zote zimeondolewa, mlango wa hewa umefunguliwa kabisa, betri imejaa, fyuzi ya mfumo wa petroli imechomolewa. Injini nyingi za petroli zenye afya husoma kati ya psi (kizio cha mgandamizo) 140 na 200, lakini tofauti kati ya silinda na silinda ina uzito kuliko namba yenyewe. Silinda ikiwa chini, mimina kijiko kimoja cha oili ndani yake na upime tena. Ikipanda sana, ringi za juu au ukuta vimekwisha. Isipopanda, tazama valvu au gasketi ya silinda hedi, ile sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu.

Kipimo kingine ni kujaza silinda hewa ya kompresa, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefungwa, kisha kusikiliza inatokea wapi. Ikisikika kwenye kifuniko cha kujazia oili, inapita kwenye ringi. Ikisikika kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea moshi. Mapovu yakitokea kwenye rediyeta, gasketi imekwisha. Kipimo hiki nacho hakioni matundu ya ringi ya oili, kwa hiyo mwisho wa yote ni daftari la kilomita na plagi ndivyo vinavyobaki kuwa mashahidi.

Kwa nini 1ZZ-FE inatajwa sana katika habari hizi?

Kwa sababu ni injini nzuri iliyopewa pistoni isiyofaa. Ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,794, ni nyepesi, hutumia cheni badala ya mkanda, na ilifungwa kwenye Premio na Allion za 1.8, Wish ya kwanza, Opa, Vista, Spacio na Corolla za wakati huo. Pistoni zake za miaka ya mwanzo zina matundu machache na madogo ya kurudishia oili. Oili ikichelewa kubadilishwa, matundu hayo huanza kujaa kaboni, ringi hupungukiwa na uwezo wa kukwangua, oili zaidi hubaki mahali penye moto, kaboni huongezeka, na mzunguko huo hujilisha wenyewe.

Nikishika mkononi pistoni iliyotoka kwenye injini ya aina hiyo, mfereji wa tatu huonekana kama umepakwa lami. Ringi ambayo ingepaswa kuchezacheza kwa kidole haisogei. Ukichokonoa kwa sindano unatafuta tundu, unatoboa ukoko mgumu kabla ya kuona mwanga upande wa pili. Kwenye ukuta wa silinda, mara nyingi alama za msasa wa kiwandani bado zinaonekana, jambo linaloonyesha kwamba silinda haikuchoka. Ni njia ya oili kurudi tu iliyofungwa.

Kuanzia takriban mwaka 2005 Toyota ilibadilisha pistoni hizo na kuzipa njia bora zaidi za kurudishia oili. Kwa hiyo mtu anayefungua 1ZZ-FE ya mwaka 2002 na kurudisha pistoni zilezile zikiwa na ringi mpya amenunua muda, hakununua tiba. Muulize muuza spea pistoni za toleo la baadaye, na zikifika mkononi, hesabu matundu ukilinganisha na ya zamani kabla hujalipa.

Nikitumia oili nzito zaidi, tatizo litapungua?

Litapungua kidogo, na wakati mwingine kwa kiasi cha kuridhisha, hasa pale ambapo nafasi kati ya vyuma imeongezeka kwa uchakavu. Kutoka 5W-30 kwenda 10W-40 katika hali ya hewa ya pwani ni hatua ya busara kwa injini iliyozeeka. Kuruka hadi 20W-50 kwenye injini yenye VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka, sikushauri kwa haraka, kwa kuwa mfumo huo hutegemea oili kupita haraka kwenye njia nyembamba na chujio dogo, na oili nzito huchelewa kufika asubuhi injini ikiwa baridi. Kwa Wish inayolala Mombasa hatari ni ndogo. Kwa ile inayolala Makete au Limuru mwezi Julai ni kubwa zaidi.

Muhimu kuliko uzito ni uhalisi na ratiba. Oili ya kughushi iliyojazwa kwenye galoni yenye nembo inayojulikana huacha tope na kaboni ndani ya miezi michache. Nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia, kagua mfuniko na muhuri wake, na ubadilishe kila kilomita 5,000 bila kuongeza hata moja, kwa sababu injini inayokula oili huichafua haraka.

Je, ringi zilizoganda zinaweza kusafishwa bila kufungua injini?

Wakati mwingine ndiyo, na kabla ya kulipia ovahoo, yaani kuifungua injini na kuitengeneza upya, inafaa kujaribu mara moja kwa uangalifu. Chupa za dawa zinazomiminwa kwenye oili hufanya kazi polepole na mara nyingi hazifiki palipoganda. Njia yenye nafasi kubwa zaidi ni kuloweka. Injini ikiwa ya vuguvugu, ondoa plagi zote na uzungushe krenkishafti kwa spana hadi pistoni zote nne ziwe katikati ya silinda. Katika injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja hali hiyo hupatikana kwa robo ya mzunguko kutoka juu. Mimina kwenye kila silinda dawa ya kuyeyusha kaboni ya kutosha kufunika kichwa cha pistoni, na uache usiku kucha. Asubuhi, silinda ambayo dawa imebaki juu ndiyo yenye ringi zilizoganda zaidi, nayo iongezwe.

Kuna makosa mawili ambayo hayasameheki. La kwanza ni kurudisha plagi na kupiga stata wakati kimiminika bado kiko ndani: kimiminika hakigandamiziki, na konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na krenkishafti, itapinda. Nyonya kilichobaki kwa bomba la sindano lenye mpira mwembamba, funika matundu ya plagi kwa vitambaa, chomoa koili na fyuzi ya mfumo wa petroli, kisha zungusha injini kwa stata sekunde chache hadi vitambaa visipate unyevu. La pili ni kuendesha na oili ileile. Dawa imeshuka kwenye sampu na kuipunguza nguvu, hivyo oili na filta vibadilishwe kabla injini haijawashwa, na vibadilishwe tena baada ya kilomita 500. Fanya kazi hii nje, mbali na jiko na sigara, na utarajie moshi mwingi mara ya kwanza.

Watu hutumia mafuta ya taa kwa kazi hii. Yanaweza kulainisha kidogo, lakini huchuruzika haraka na hayawezi kaboni ngumu; usijenge matumaini juu yake. Baada ya kuloweka, rudi kwenye daftari. Kama injini ilikula lita 0.8 na sasa inakula 0.4, rudia mara moja zaidi. Kama haikubadilika, acha.

Sili za valvu lazima silinda hedi ishushwe?

Si lazima. Fundi mwenye subira anaweza kuzibadilisha hedi ikiwa mahali pake, mradi valvu zisidondoke ndani ya silinda springi zinapoondolewa. Wengine hujaza silinda hewa ya kompresa. Njia ya zamani, ambayo bado naiamini, ni kuingiza kamba laini ya nailoni kupitia tundu la plagi pistoni ikiwa chini, kuacha ncha nje, kisha kupandisha pistoni taratibu hadi kamba ikandamize valvu kwa ndani. Hewa ikikatika, valvu inaanguka, kamba haikatiki. Usichanganye sili za upande wa kuingiza hewa na za upande wa kutolea moshi, ambazo mara nyingi hutofautishwa kwa rangi. Lakini kabla ya kufunga mpya, tikisa shina la valvu kwa vidole. Likicheza pembeni, kijibomba kinachoiongoza kimekwisha, na sili mpya itadumu miezi michache tu. Hapo hedi ishuke.

Fundi amependekeza tubadilishe ringi peke yake. Nikubali?

Muulize kwanza amepima nini. Tulipokea Premio iliyokuwa imefunguliwa miezi minne kabla katika gereji nyingine, ikafungwa ringi mpya, na ilikuwa inakula oili kuliko mwanzo. Tulipoifungua, mifereji ya pistoni ilikuwa bado na kaboni chini ya ringi mpya, midomo ya ringi zote tatu, yaani pale ringi inapokatika, ilikuwa imepangwa upande mmoja, na katika silinda ya nne ringi ya pili ilifungwa ikiwa juu chini. Mwenye gari alikuwa amelipa fedha za ada ya mtoto wake kwa kazi ile. Hakuna hata kosa moja kati ya hayo lililotokana na ukosefu wa mashine. Yote yangezuiwa kwa taa nzuri na nusu saa ya uangalifu.

Kazi ya ringi ikifanywa sawasawa ina hatua zisizorukwa. Silinda hupimwa juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokatana, ili kujua kama imepanuka au imekuwa yai. Ringi husukumwa ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni na nafasi ya mdomo wake kupimwa kwa filagoji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), ikilinganishwa na kitabu cha injini hiyo. Mifereji husafishwa hadi chuma kionekane bila kukwaruzwa, na kila tundu la oili hupitishwa waya laini. Ukuta hupigwa msasa wa kukatana ili ringi mpya zipate mahali pa kukaa. Bolti za hedi zinazovutika hupimwa urefu au kubadilishwa.

Silinda ikionekana imekwisha, jibu hutegemea injini. Zile za bloki ya chuma kama 5A na 7K zinaweza kuchongwa na kufungwa pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kidogo kuliko za awali. Bloki ya 1ZZ-FE ni ya alumini yenye kuta nyembamba za chuma ndani yake, na haikukusudiwa kuchongwa. Ikifika hapo, mara nyingi ni nafuu kutafuta injini nyingine.

Injini ya mtumba ni suluhisho bora kuliko ovahoo?

Inaweza kuwa, ikichaguliwa kwa kipimo. Ukiwa kwenye maduka ya spea ya Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, usinunue kwa sababu injini imeoshwa ikang'aa. Fungua kifuniko cha oili na uangalie kwa tochi: rangi ya asali kwenye kamshafti ni dalili njema, tope jeusi ni dalili mbaya. Omba plagi zifunguliwe zote. Kataa maelezo kwamba haiwezekani kupima kompresheni ikiwa chini, kwani stata na betri vinatosha. Na kumbuka kwamba 1ZZ-FE ya mtumba yenye pistoni za mwanzo inakuja na ugonjwa uleule unaoukimbia. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari au kwenye logbook, kwa hiyo mabadiliko yaripotiwe kwenye mamlaka husika na risiti ihifadhiwe.

Je, siwezi kuendelea kuongeza oili tu?

Kwa gari linalokula chini ya nusu lita, lisilotoa moshi na ambalo mwenye nalo anakagua kila wiki, huo ni uamuzi halali. Gharama yake haiishii kwenye oili, hata hivyo. Fosforasi na zinki zilizomo kwenye oili hufunika katalaiza na kuiua taratibu, sensa ya oksijeni huchafuka, petroli huanza kutumika zaidi, na plagi hubadilishwa mara kwa mara. Linganisha jumla hiyo kwa mwaka na bei ya matengenezo ndipo uamue.

Na gari la dizeli lenye tabo, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini?

Hapo usisubiri. Sili ya tabo ikipasuka, injini ya dizeli inaweza kujiendesha kwa oili yake yenyewe, ikapanda mzunguko bila kukanyagwa na isizimike kwa ufunguo. Gari la gia za mkono liwekwe gia ya juu na breki, kisha klachi iachiwe ili injini ikabwe. Usisogeze mkono kwenye mdomo wa njia ya hewa.

Baada ya ovahoo, nitarajie nini?

Ringi mpya huchukua muda kukaa. Kwa kilomita 1,000 za mwanzo epuka kuiacha injini ikinguruma muda mrefu bila gari kutembea, na epuka mwendo mmoja usiobadilika barabara kuu. Endesha ukikanyaga mafuta kwa kiasi na kuachia, ili mgandamizo usukume ringi kwenye ukuta. Tumia oili ya kawaida ya madini, uibadilishe pamoja na filta kwenye kilomita 500 na tena kwenye 1,500. Upotevu kidogo katika kipindi hicho haupaswi kukutisha. Kipimo halali cha kazi ya fundi kianze kilomita 2,000, kwa daftari lilelile, mahali palepale pa kuegesha, na chupa ileile ya nusu lita.